Klova, karanga pori, thaimu ya kutambaa au tradeskantia: ipi ifunike ardhi ya bustani yako?

Kama una kipande cha ardhi kiko wazi hapo nyumbani we unajua shida yake, mvua ikipiga matope yanarukia ukuta, jua likiwaka ni vumbi, na katikati ya hapo magugu yanaota kila wiki bila kualikwa. Sasa umeshaamua unataka kitu kifupi, kinachotambaa, kifunike hiyo ardhi yote, ila ukianza kutafuta unakuta mimea kibao na kila picha inavutia, hapo ndo watu wengi wanakwama. Mi mwenyewe nilikwama hapohapo nikachagua kwa macho, nikapanda thaimu sehemu ambayo maji huwa yanatuama, ikaoza yote ndani ya msimu mmoja wa mvua. Iliniuma sana maana ile miche niliikuza kutoka kwenye mbegu, na mbegu zenyewe ndogo kama vumbi, miezi ya kazi ikaenda hivo. Tangu siku hiyo naanza kuangalia ardhi, ua linakuja mwisho.

Hapa nimechukua minne. Klova nyeupe, kitaalamu Trifolium repens, ile ya vijani vitatu vitatu na ua jeupe la mviringo. Karanga pori, Arachis pintoi, ndugu wa karanga ya kawaida ila yenyewe inatambaa na kutoa maua ya njano. Thaimu ya kutambaa, Thymus serpyllum, jamii ya zaatari, vijani vidogo vyenye harufu na maua ya pinki au zambarau. Na tradeskantia, Tradescantia zebrina, ile ya majani yenye michirizi ya rangi ya fedha juu na zambarau chini, ambayo wengi wanaijua kama ua la kwenye kopo. Nimechagua hii kwa sababu kila mmoja una mahali pake ambapo unang'ara, na kila mmoja una mahali ambapo utakuchosha mpaka uuchukie bure, kumbe kosa sio lake.

Vitu vya kuangalia kabla hujachagua

Jua. Usikadirie kwa kichwa, toka nje asubuhi, saa sita, na alasiri uone hicho kipande kinapata jua la moja kwa moja masaa mangapi. Sita na kuendelea hilo ni jua kamili, matatu mpaka sita ni kivuli nusu, chini ya matatu hapo ni kivuli. Na kumbuka mti unaokua, kivuli cha mwaka huu sio cha mwaka kesho kutwa.

Maji na udongo. Chimba shimo la kama sentimita 30 kwenda chini, jaza maji, yaache yaishe, halafu jaza tena ndo uangalie. Yakishuka sentimita mbili tatu hivi kwa saa, udongo wako unapitisha maji vizuri. Ukirudi kesho yake ukakuta bado kuna dimbwi, ujue huo udongo unashikilia maji na kuna mimea itaoza hapo hata uibembeleze vipi. Hiki kipimo kinachukua siku moja tu, na laiti ningekifanya mimi mapema.

Miguu. Nani anapita hapo? Kama ni wewe tu unaenda kumwagilia mara moja kwa siku ni jambo moja, kama ni watoto wanacheza mpira ni jambo lingine kabisa. Niseme wazi mapema ili usije ukanilaumu, katika hii minne hakuna hata mmoja unaostahimili kukanyagwa kama nyasi za uwanjani.

Kasi ya kufunika, pamoja na palizi. Hili ndo linaloamua kama utafanikiwa au utaacha katikati. Mmea wa kufunika ardhi unazuia magugu UKISHAFUNIKA, kabla ya hapo ni wewe na mikono yako. Kwahiyo swali ni je utapalilia kwa miezi mingapi kabla haujashikana.

Usumbufu wake. Kila kinachotambaa kina tabia ya kutoroka, vingine kidogo, vingine mpaka kwa jirani. Halafu kuna mambo ya nyuki, utomvu unaowasha, mbwa na paka, haya watu wanayajua wakishapanda tayari.

Sasa tuuchukue mmoja mmoja.

Klova nyeupe

Jua: inapenda jua kamili mpaka kivuli nusu, kivuli kizito inakonda na kuacha mapengo. Kinachoisumbua zaidi ni joto. Hii ni mmea wa sehemu zenye ubaridi na unyevu, baridi ya kugandisha majani inaivumilia vizuri tu, ila ukiwa sehemu ya joto kali mwaka mzima itakupa majani mazuri kipindi cha mvua halafu kiangazi inasinyaa na ardhi inaonekana tena.

Maji na udongo: mizizi yake ni ya juujuu ndo maana ukame unaipata haraka. Udongo wenye pH (kipimo cha asidi ya udongo) ya 6 mpaka 7 ndo wake, ukiwa na asidi nyingi ongeza chokaa ya kilimo kwanza. Mfinyanzi haiuogopi sana. Mbolea ya naitrojeni usihangaike nayo, klova ni jamii ya mikunde, kwenye mizizi yake kuna vinundu vyenye bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani. Ukitaka kujua kama wanafanya kazi ng'oa mche mmoja taratibu, kata kinundu kwa kucha, kikiwa na rangi ya pinki au wekundu ndani basi wapo kazini. Kikiwa cheupe au kijani bado. Kwenye udongo ambao klova haijawahi kuota inasaidia kuchanganya mbegu na bakteria wake kabla ya kusia, wanauzwa kama unga.

Miguu: katika hii minne ndo inayovumilia zaidi. Unaweza kutembea juu yake kila siku, watoto wakakaa, ukakata na mashine ya nyasi, inarudi. Ila ikilowa inateleza, na sehemu inayokanyagwa palepale kila siku itatoboka, hapo weka mawe ya kukanyagia.

Kasi: hapa inawashinda wenzake karibu wote, maana unasia mbegu, hupandi mche mmoja mmoja. Mbegu ni ndogo sana, kilo moja ina zaidi ya milioni moja, kwahiyo changanya na mchanga mkavu ili isambae sawa, usiifukie zaidi ya sentimita moja, na weka unyevu kila siku mpaka iote, inachukua kama wiki moja kama hali ni nzuri. Palizi yake ni ya miezi miwili mitatu hivi ya mwanzo. Mche mmoja mmoja hauishi miaka mingi lakini inajisia yenyewe na mashina yanaota mizizi kila kifundo (pale jani linapotokea kwenye shina), pengo likitokea unarushia mbegu kidogo.

Usumbufu: nyuki. Wanaipenda klova kupita kiasi na mi naona hilo ni jambo zuri kabisa kwa bustani, ila kama kuna mtoto anatembea peku au mtu mwenye mzio wa nyuki, kata maua yanapoanza kutokea. Pia inaingia kwenye matuta ya mboga, ingawa kung'oa sio kazi ngumu. Na usipige dawa ya kuua magugu ya majani mapana karibu yake, itakufa. Hapa kuna kisa ambacho kinanikera kidogo, zamani watu walikuwa wanachanganya mbegu za klova na za nyasi makusudi kabisa, halafu kwenye miaka ya 1940 ikaja dawa ya 2,4-D ambayo inaacha nyasi na kuua majani mapana, klova ikafa pamoja na magugu, na baada ya hapo watu wakazoea kuiita gugu. Mmea uleule uliokuwa unalisha nyasi zao bure.

Inamfaa nani: mwenye eneo pana la wazi, hali ya hewa ya wastani au baridi, watu wanapita, na hataki kununua miche mamia.

Karanga pori

Jua: jua kamili sawa, kivuli nusu sawa, hata chini ya miti inatambaa vizuri, ndo maana wakulima wengi wa nchi za joto wanaipanda chini ya kahawa, migomba na michungwa. Kivulini majani yanakuwa makubwa zaidi na maua yanapungua. Joto ndo nyumbani kwake, asili yake ni Brazili, ilikusanywa mara ya kwanza mwaka 1954 na mtaalamu wa mimea aliyeitwa Geraldo Pinto, jina pintoi limetokana na yeye. Baridi ya kugandisha inaunguza majani yote, inaweza kuchipua tena kutoka chini ila usiitegemee kama unakaa sehemu hizo.

Maji na udongo: inapenda mvua ya kutosha, tuseme milimita 1,000 na zaidi kwa mwaka ndo inakaa kijani muda wote. Ukame wa miezi mitatu minne inavumilia kwa kupukutisha majani halafu mvua ikirudi inafufuka, ila kipindi hicho bustani itaonekana imechoka na mtu asiyeijua atadhani imekufa aing'oe. Udongo wenye asidi, ambao klova ingeugomea, yenyewe haina shida nao. Na yenyewe pia ni mikunde, naitrojeni inajitafutia.

Miguu: kupita mara mojamoja ni sawa, na kukatwa na mashine inavumilia, tena ukiikata inakuwa fupi na kushikana zaidi. Isipokatwa inaenda mpaka sentimita 20 au 30 hasa kivulini. Sio ya kuchezea.

Kasi: hapa ndo penye uvumilivu. Mbegu zake zinakaa chini ya ardhi kama karanga yoyote, kuzivuna ni shughuli, kwahiyo watu wengi wanatumia vipande vya shina. Chukua vipande vyenye vifundo vitatu vinne, fukia vifundo viwili ardhini, vingine viache juu, panda kwenye mvua au mwagilia kila siku kwa wiki mbili za mwanzo. Mwezi wa kwanza mpaka wa pili utaona kama hakuna kinachoendelea, usikate tamaa, iko chini inajenga mizizi. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 20 kwa 20, ambayo ni vipande 25 kwa kila mita moja ya mraba, na mvua ipo, miezi minne mpaka sita inafunga. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 50 ili kuokoa miche utapalilia mwaka mzima, na wengi wanaosema karanga pori imewashinda ukiwauliza vizuri unakuta ni hapa.

Ikishafunga lakini, jamani, ni zulia. Mashina yanapandana na kushika udongo, kwenye mteremko mvua inapita juu ya majani na udongo unabaki ulipo. Kwa mtu aliyezoea kuona udongo wake mzuri wa juu unaondoka na maji ya mvua kila mwaka, kuona hilo ni faraja ambayo siwezi kuieleza vya kutosha.

Usumbufu: kuitoa. Kwa sababu mbegu zimejificha chini, ukiamua kubadilisha mawazo itaendelea kuchipua kwa muda mrefu. Pia inapanda kwenye shina la mche mdogo na kuunyang'anya maji, acha duara la wazi la kama nusu mita kuzunguka mti ambao bado mdogo.

Inamfaa nani: mwenye joto na mvua, mteremko, au eneo chini ya miti, na ambaye hana mpango wa kugeuza eneo kuwa kitu kingine hivi karibuni.

Thaimu ya kutambaa

Jua: kamili, masaa sita na zaidi. Kivulini inarefuka, inakonda, inapoteza umbo. Baridi kali haiiogopi kabisa. Joto kavu pia sawa, ila joto lenye unyevunyevu muda wote ndo linaloiozesha katikati.

Maji na udongo: hapa ndipo nilipokosea, kwahiyo nisikilize. Hii haitaki udongo mzuri. Mboji nyingi, samadi nyingi, maji mengi, ndo unaiua. Inataka udongo mwepesi wa kichanga au wenye kokoto, pH kuanzia 7 hivi na kupanda kidogo sio tatizo, na maji yasisimame. Kama una mfinyanzi, inua tuta na uchanganye kokoto ndogo za kutosha, la sivyo chagua kingine. Ikishajishika, baada ya mwaka wa kwanza, kumwagilia ni mara chache sana, hata wakati wa kiangazi. Na chini yake usiweke matandazo ya majani yanayooza, weka changarawe ikae kavu shingoni, yaani pale shina linapoingia ardhini.

Miguu: kukanyagwa kidogo kidogo ni sawa, na kila ukikanyaga harufu inapanda, hiyo peke yake inanifanya nisiiache pamoja na yote yaliyonipata. Mahali pake hasa ni kwenye mianya kati ya mawe ya njia, mguu unakanyaga jiwe na unagusa pembeni tu. Ni fupi kuliko zote, sentimita 5 mpaka 10, kwahiyo haifuniki jiwe.

Kasi: taratibu. Mwaka wa kwanza mizizi, wa pili ndo inatambaa. Miche kwa nafasi ya sentimita 20 mpaka 30. Ukisia mbegu usizifukie, zinahitaji mwanga ili ziote, zibonyeze tu juu ya udongo. Kwa sababu ni fupi na inachelewa, magugu marefu yanaishinda kirahisi na kupalilia ni kwa mkono, kifundo kwa kifundo, huwezi kuingiza jembe. Eneo kubwa la thaimu peke yake ni kazi ya kweli, sikutishi, nakuambia ulivyo ukweli.

Usumbufu: baada ya miaka mitatu minne katikati inakuwa na vijiti vikavu na upara. Dawa yake ni kuikata kidogo kila ikimaliza maua, theluthi hivi, usishuke mpaka kwenye shina gumu lisilo na majani maana hapo haichipui tena, na kuchukua vipande vya pembeni vyenye mizizi ujazie katikati. Nyuki nao wanaifuata kama klova. Kutoroka haitoroki sana, kwa hilo ni mpole kuliko wote wanne.

Inamfaa nani: mwenye sehemu ndogo, kavu, yenye jua, mawe, ukingo wa ngazi, na anayependa kukaa chini kuhudumia bustani yake.

Tradeskantia

Jua: kivuli nusu na kivuli, na kivuli cha siku nzima ndo mahali ambapo wale wengine watatu wanahangaika. Jua kali la mchana linachoma majani yanapauka. Kivuli kizito kabisa inaishi ila michirizi inafifia na mashina yanarefuka. Baridi ya kugandisha inaiua.

Maji na udongo: haichagui. Inapenda unyevu ila mashina yake yana maji ndani, ukisahau wiki moja mbili haifi. Kwenye udongo mwembamba chini ya mti mkubwa ambapo mizizi imejaa na hakuna kinachoota, hii inaota.

Miguu: hapana. Shina linavunjika ukikanyaga mara moja na linatoa maji ukateleza.

Kasi: kama klova, ila kwa vipande. Kata vipande vya sentimita 10 mpaka 15, vitatu kwenye shimo moja, kifundo kimoja angalau kiwe chini, wiki moja mbili mizizi ipo. Miezi miwili mitatu yenye unyevu kivuli chote kimebadilika rangi. Palizi ni kidogo kwa sababu inawahi magugu.

Usumbufu: hapa nataka tuwe makini. Kama umewahi kupalilia kongwa unajua ilivyo, unaing'oa, unaitupa pembeni, mvua inanyesha, unaikuta imeota palepale ulipoitupa. Tradeskantia ni familia moja na kongwa na tabia ni hiyohiyo, kipande chenye kifundo kimoja kinatosha. Kuna nchi imeshaingia mpaka msituni, Afrika Kusini imeiweka kwenye orodha ya mimea vamizi, kwahiyo kabla ya kupanda jua msimamo wa sheria za kwenu. Kama bustani yako imepakana na mto, mfereji au pori, mi ningekusihi usiipande chini kabisa, iache kwenye kopo. Mabaki ya kukata usiyatupe kichakani, yafunge kwenye mfuko uweke juani mpaka yaoze. Utomvu wake unawasha ngozi ya baadhi ya watu, vaa glavu, na mbwa wanaolala juu yake wanaweza kuwashwa tumboni.

Inamfaa nani: mwenye kona ya kivuli iliyozungushiwa ukuta au saruji, isiyokanyagwa, na asiye na mnyama anayelala hapo.

Kuna mmea wa tano watu watakuletea bure, wedelia, maua ya njano kama alizeti ndogo, kitaalamu Sphagneticola trilobata. Unafunika haraka ajabu, jua na kivuli, na utaambiwa hauna shida. Uko kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani, ndo maana sijauweka kwenye ulinganisho. Ukiletewa, shukuru, usipande.

Kabla ya kupanda chochote kati ya hivi

Hili linahusu yote minne na lina uzito kuliko uchaguzi wenyewe. Safisha ardhi kwanza, sio kufyeka, kusafisha. Mtu anayepanda karanga pori juu ya ndago anajitafutia mateso, ndago ina vijitunguu chini, unang'oa majani yanarudi, na ikishachanganyika na mmea wako huwezi kuchimba bila kung'oa vyote. Mwagilia, acha ndago iote, ichimbe na vijitunguu vyake, subiri, rudia mara mbili tatu kabla ya kupanda. Magugu mengine ya kawaida unaweza kuyamaliza kwa kutandaza plastiki angavu juu ya udongo wenye unyevu na kubana kingo zote, wiki nne mpaka sita za jua kali zinachoma mbegu nyingi za juu, ila ndago yenyewe usiitegemee plastiki peke yake.

Halafu hesabu miche kabla hujaanza. Nafasi ya sentimita 30 ni kama miche 11 kwa mita ya mraba, sentimita 20 ni 25. Kama miche haitoshi usiitawanye eneo zima, panda robo ya eneo kwa kubananisha, ikishafunga kata vipande vyake uendelee na robo inayofuata. Kwa karanga pori na tradeskantia hii njia inafanya kazi vizuri mno, na unapalilia sehemu ndogo kwa wakati mmoja. Sehemu ambayo bado, funika na matandazo isikae wazi.

Sasa ipi kwa hali ipi

Kama una uwanja wa wazi, watoto wanapita, hali ya hewa sio ya joto kali, anza na klova, ichanganye na nyasi ulizonazo badala ya kung'oa nyasi zote. Ukiwa na uwanja huohuo ila ni sehemu ya joto na mvua, karanga pori kwa maeneo ya kutazama na mawe au nyasi kwa maeneo ya kukanyaga, usilazimishe klova huko.

Mteremko unaoliwa na mvua: karanga pori kama kuna joto, klova kama kuna ubaridi, na kwa vyovyote panda kwa mistari inayokatiza mteremko, miche ikipishana kama matofali ya ukuta, ili maji yasipate njia ya kushuka moja kwa moja. Fanya mwanzoni mwa mvua ndogo kama unaweza, mvua kubwa ikikuta vipande havijashika inavibeba.

Chini ya mti mkubwa wenye kivuli cha nusu siku, karanga pori. Kivuli cha siku nzima na kuna ukuta pande zote, tradeskantia. Kivuli cha siku nzima na hakuna ukuta, mi ningeacha majani ya mti yaliyodondoka yawe matandazo, ardhi inafunikwa vilevile.

Sehemu kavu yenye jua, mawe, udongo mbovu ambao kila kitu kimekataa, hapo ndo thaimu inafurahi. Kama ni joto lenye unyevu mwaka mzima jaribu kwanza miche mitatu minne, ione msimu mmoja mzima wa mvua kabla hujajaza.

Nyumba ya kupanga, hujui utakaa muda gani, chukua klova maana inakuja haraka na inatoka kirahisi, karanga pori utamwachia anayekuja mzigo ambao hakuuchagua. Mwenye mzio wa nyuki aangalie karanga pori au tradeskantia kwanza, au klova kama yupo mtu wa kuikata kila wiki kipindi cha maua.

Na kama bustani yako ina hali mbili tatu tofauti, jua huku kivuli kule, si lazima mmea mmoja. Thaimu kwenye njia ya mawe, klova pembeni yake, karanga pori kule chini ya mti, ila weka mpaka wa mawe au tofali zilizozama kama sentimita 10 kati yao na upitie ukingo huo mara moja kila mwezi ukirudisha mashina yaliyovuka, klova na karanga pori zikiachiwa miezi mitatu minne thaimu itakuwa imeshafunikwa.